Mwenye binti anayeingia kidato cha tatu: kabla hajaiacha Fizikia, pitia uzi huu

Fundi wa Paneli (mleta mada)

Habari za wakati huu wakuu.

Uzi ni mrefu kidogo, mtanivumilia. Nawalenga wazazi na walezi, hata kaka na dada, wenye binti aliyemaliza mtihani wa kidato cha pili na sasa yupo nyumbani anasubiri matokeo. Shule zikifunguliwa Januari ataulizwa anaendelea na sayansi au anahamia sanaa. Atajibu papo hapo, mara nyingi kwa kuangalia rafiki zake wamejibu nini, na nyumbani hakuna aliyekaa naye kulizungumza.

Hesabu hataiacha, ni ya lazima. Zinazoachwa mara nyingi ni Fizikia na Kemia. Akishaziacha hizo mbili, michepuo ya kidato cha tano ya PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) basi, PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) basi, CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) na PGM (Fizikia, Jiografia, Hesabu) nazo basi. Hata uuguzi, ambao wazazi wengi wanauita kazi ya kike, chuoni wanataka Kemia, Baiolojia na Fizikia. Binti wa jirani yangu alilijua hilo akiwa na cheti cha kidato cha nne mkononi. Alikuwa amejiona nesi tangu darasa la tano. Nilikaa naye kibarazani tukiangalia vigezo kwenye simu, anashuka chini taratibu, anapandisha tena juu kama vile vitabadilika.

Mimi ni mhandisi wa umeme, nipo matengenezo kwenye kiwanda kimoja mkoani Morogoro. Nilisoma shule ya kata. Maabara yetu ilikuwa darasa kama madarasa mengine, na siku ya vitendo mwalimu alikuja na boksi la vifaa. Boksi moja, wanafunzi zaidi ya hamsini. Tuligawanywa vikundi vya wanane wanane. Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo ulipo uzi wangu wote: katika kila kikundi, bila mtu yeyote kupanga, wavulana wawili walishika vifaa, na msichana mmoja alipewa kalamu. "Wewe una mwandiko mzuri, andika." Mimi nilikuwa huyo wa kalamu. Kidato cha tatu chote, cha nne chote. Mmoja anaunga waya, mwingine anasoma mita kwa sauti, "sifuri nukta nne!", mimi naandika sifuri nukta nne. Jedwali langu lilikuwa safi, grafu imenyooka, mwalimu akilinyanyua daftari langu darasa zima linaona. Na ammita, ile mita ya kupimia mkondo wa umeme, sikuwahi kuigusa.

Mtihani wa taifa Fizikia nikapata D. Nikaenda chuo cha ufundi kusomea diploma ya umeme, wasichana tulikuwa watano darasani. Wiki ya pili tukapewa kazi ya kuunga sakiti ndogo: betri, balbu, reostati, ammita. Kila mtu na meza yake. Nikaunga, nikabonyeza swichi, mshale wa ammita ukagonga upande wa nyuma, chini ya sifuri. Mikono ikaanza kutetemeka. Nikajua nimeiua mita ya serikali, nafukuzwa. Mwalimu wa maabara, mama mmoja mtu mzima mwenye kitenge juu ya koti jeupe, akapita nyuma yangu wala hakusimama. Akasema, "Umezipishana. Nyekundu peleka kwenye jumlisha." Nikageuza waya. Mshale ukapanda.

Nilikuwa na miaka 19. Kitu ambacho kijana wa kikundi chetu alikijua akiwa na miaka 15, kwamba ukikosea mita hailipuki, unageuza waya unaendelea, mimi nilikijua siku ile. Kwa hiyo binti akiniambia "Fizikia ngumu", huwa namuuliza kwanza: ushawahi kuunga sakiti kwa mikono yako mwenyewe? Na jibu ninalolisikia mara nyingi ni, "Huwa naandika."

Naendelea post inayofuata.

Fundi wa Paneli

Jambo la pili. Mota ya kiwandani ikiungua, waya wa shaba uliozungushwa ndani yake unatolewa wote na kuzungushwa mpya. Mafundi wanaita kusuka mota. Neno ni lile lile la kusuka nywele, na kazi yenyewe inafanana kuliko mnavyodhani. Unahesabu mizunguko ya kila koili, unalaza waya kwenye mfereji wake bila kuukwaruza, ukiruka mfereji mmoja mota haitazunguka sawasawa, ukibana sana unachubua vanishi na koili zinagusana. Mama yangu alikuwa msusi. Nimekulia chini ya mwembe nikimshikia chanuo, nikimuona anagawa kichwa kwa jicho tu, mistari 12 kulia, 12 kushoto, inakutana kisogoni. Siku ya kwanza kusuka mota ndogo ya pampu, fundi mkuu aliniuliza nilijifunza wapi kulaza waya vile.

Mabinti zetu wanakuja na mikono iliyokwisha kufundishwa: wanasuka, wanapima unga na maji bila mizani, wanashona, wanatengeneza ubuyu kwa vipimo. Tunaiita mikono ya jikoni. Ikifika maabara tunaipa kalamu.

Karibuni kwa michango. Mwenye swali la njia za kupita baada ya kidato cha nne aulize, nitajibu ninachokijua.

Baba Wawili

Dada nimekusoma mpaka mwisho, shikamoo kama umenizidi umri. Nina mabinti wawili, mkubwa ndiye huyo wa kidato cha pili. Muhula uliopita Hesabu F, Fizikia D. Mama yake anasema aende sanaa apate walau daraja la tatu. Nikimng'ang'aniza sayansi si nitakuwa namtesa? Halafu kazi zenyewe ziko wapi? Nina mtoto wa kaka yangu kamaliza uhandisi, mwaka wa tatu huu yuko nyumbani.

Fundi wa Paneli

Marahaba hapana kaka, nadhani tunalingana.

Usimng'ang'anize. Mtoto aliyepelekwa sayansi kwa fimbo ataichukia maisha yake yote. Ila kabla ya kusema hawezi, fanya jaribio moja. Chukua daftari lake la Fizikia, tafuta mada moja, mfano kwa nini kijiko cha chuma kikiachwa kwenye uji wa moto kinaunguza mkono na mwiko hauunguzi. Muombe akueleze kwa Kiswahili. Akikueleza vizuri, basi shida yake ni Kiingereza. Watoto wetu wanasoma miaka saba kwa Kiswahili, wanafika kidato cha kwanza wanakutana na sayansi na lugha mpya asubuhi moja. Anajifunza jina la kitu, kitu chenyewe na namna ya kukieleza, vyote kwa pamoja. Hiyo D ya Fizikia inaweza kuwa imebeba mambo matatu, wewe unaliona moja.

Kuhusu ajira sitakudanganya. Wahitimu wapo wengi nyumbani, wa sayansi na wa sanaa. Ninachokiona kwa macho ni kwamba mwenye ufundi mkononi ana cha kufanya wakati anasubiri. Huyo mtoto wa kaka yako muulize kama ameshajiandikisha Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Wana mpango wa mafunzo kwa vitendo kwa wahitimu, SEAP, miaka mitatu chini ya msimamizi ndipo unaomba usajili kamili. Kuna kipindi serikali ya Norwe iligharamia wahitimu wa kike ndani ya mpango huo, na wapo wahandisi wanawake waliosajiliwa leo waliopitia mlango ule.

Njia nyingine: si lazima apite kidato cha sita. Akiwa na ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, yakiwemo yale ya fani yake, anaomba diploma moja kwa moja, kwenye vyuo kama DIT cha Dar es Salaam, Arusha Technical au MUST cha Mbeya. Msome mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, mapema, sasa hivi, msisubiri matokeo. Na tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha hata diploma kwa fani za kipaumbele. Akipita kidato cha tano na sita, shule za serikali ada imefutwa tangu 2022, na wanaofanya vizuri zaidi sayansi kidato cha sita kuna ule ufadhili wa Samia Scholarship.

Mwalimu wa Chaki

Mleta mada, nimeusoma uzi wako nikaufunga. Nikatoka nje. Nimerudi.

Nafundisha Fizikia Kigoma, mwaka wa kumi na sita sasa. Hilo la kalamu nimelifanya mimi. Sikusema kwa mdomo kwamba wasichana waandike, nilikuwa nasema "gawaneni kazi", najua watagawanaje, nageuka ubaoni. Wanafunzi wangu wa mwanzo walikuwa wanafanya ule mtihani mbadala wa vitendo, karatasi tupu: unachorewa mita imesimama mahali, unaandika inasoma ngapi. Ikaja amri ya mwaka 2012 kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, wananchi wakachangishwa, mifuko ya saruji ikabebwa kwa baiskeli. Majengo yakapatikana. Sisi walimu tukaingia mle na mgawanyo wetu ule ule wa zamani.

Mwaka juzi nilibadilisha kitu kimoja. Nilibandika ratiba ukutani: kila mwanafunzi ana namba, na kila zoezi namba zinazunguka. Leo wewe unaunga, kesho unasoma, keshokutwa unaandika. Zoezi la kwanza lilikuwa la pendula, kuhesabu mibembeo 20 kwa saa ya kusimamisha. Binti mmoja alikataa kushika saa. Akasema, "Mwalimu nitakosea." Nikamwambia basi kosea. Akahesabu 19. Tukagundua pale pale kwenye grafu, nukta moja imekaa pembeni peke yake. Akaomba kurudia mwenyewe, sikumwambia. Sasa hivi huyo yupo kidato cha tano, PCM.

Na jambo lingine wazazi mlisikie. Vipindi vya ziada tunaviweka jioni, saa kumi hadi saa kumi na mbili. Wavulana wanabaki. Wasichana wanaondoka kwa sababu nyumbani wanasubiriwa kuchota maji na kupika, na njia ni kilomita nne, giza likiwakuta ni hatari. Wiki ya mtihani unaona tofauti. Mimi nilihamishia Jumamosi asubuhi, wakajaa. Mzazi, ukimwachia binti saa mbili za Jumamosi, ndoo ya maji akaichukua kaka yake, umefanya zaidi ya ada yoyote.

Miye wa Kibokwa

Assalam alaykum. Nnaandika kutoka Unguja, kaskazini. Mnazungumza wasichana wa skuli tu, na wale mama zao je?

Hapa Kinyasini pana chuo cha Barefoot, chenye asili yake kijiji cha Tilonia kule India. Tangu 2015 wanachukuliwa wanawake wa vijijini, wengi washapita miaka 35, wengine washakuwa mabibi, wapo wasiojua kusoma vizuri. Kijiji chenyewe ndicho kinachomchagua. Wanakaa bweni miezi mitano, wanajifunza kuunga na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua. Akirudi kwao ndiye fundi: anafunga paneli juu ya paa, betri, taa, na kikiharibika kitu anafungua anatia risasi ya kulehemu mwenyewe. Skuli hajamaliza, lakini sakiti anaitambua kwa rangi na kwa mkono. Mimi jirani yangu kapanda juu ya paa langu na gauni lake na mtandio wake, waume wamekaa barazani wanatazama. Akashuka, akanambia, "Washa." Ikawaka.

Na jengine. Mwani ulipoanza kulimwa kwetu mwishoni mwa miaka ya themanini, walioingia zaidi ni wanawake. Mwani wa kotonii, ule wenye bei, ukaja ukafa maji yalipozidi kupata moto, ukabaki spinosamu wa bei ndogo. Aliyekaa na kina mama hawa miaka na miaka akatafuta dawa ya tatizo ni mwanamke mtaalamu, Dk. Flower Msuya, aliyefanya utafiti Taasisi ya Sayansi za Bahari. Kajaribu nao kulima maji ya kina kirefu kwa nyavu za mfano wa bomba, na kawafundisha kusaga mwani wakatia thamani, sabuni na mengine. Shida ya kina kirefu ilikuwa nini? Wengi wao kuogelea hawajui! Mtoto wa kike wa pwani hakufundishwa kuogelea. Kwa hiyo sayansi ilifika, ikamkuta kazuiwa na jambo la utotoni. Ndiyo hiyo hiyo kalamu yako, dada.

Mja wa Likoni

Nimeipenda hii, hasa huyo wa Kibokwa. Huku Kenya Januari 2026 ndiyo watoto wa kwanza wa mtaala mpya wameingia Gredi ya 10, na kuna njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati ni moja, ya pili sayansi za jamii, ya tatu sanaa na michezo. Uamuzi ni ule ule wa kwenu, mtoto ana miaka kumi na mitano.

Nawaongezea mfano. Watu wanamkumbuka Wangari Maathai kwa miti na Nobeli ya 2004. Wachache wanakumbuka alikuwa mwanasayansi wa viumbe, na mwaka 1971 alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Na Profesa Catherine Ngila, mkemia wetu wa maji, alipata tuzo ya L'Oréal-UNESCO ya wanawake wanasayansi mwaka 2021. Mwenye binti mpenda kompyuta huku Nairobi amtafutie shirika la AkiraChix. Lilianzishwa na wanawake wenyewe mwaka 2010, wanawafundisha wasichana wa familia zisizojiweza kuandika programu.

Fundi wa Paneli

Asanteni sana. Mwalimu, hiyo ratiba ya namba naomba uipige picha uiweke hapa, walimu wengine waichukue kama ilivyo.

Kibokwa, hilo la kuogelea limenikaa. Mja, kwa upande wa Tanzania wenye kupenda programu waangalie shirika la Apps and Girls, Dar es Salaam, lipo tangu 2013. Na kule Taasisi ya Nelson Mandela Arusha kuna Dk. Neema Mduma, ametengeneza mfumo unaitwa BakiShule, kompyuta inapitia takwimu za wanafunzi na kuonyesha mapema nani yuko hatarini kuacha shule. Mwanamke wa kompyuta, na tatizo alilolichagua ni hilo la watoto kupotea njiani. Ndiyo maana nataka mabinti wengi wawe kwenye meza hizo. Mtu hutatua kwanza linalomuuma.

Serikali nayo imekuja na mpango wa sekondari za wasichana za sayansi, moja kila mkoa wa Bara, 26 kwa jumla. Jambo kubwa, naliunga mkono. Ila shule hizo hazitawabeba wote, wengi watabaki kwenye shule za kata kama niliyosoma mimi, kwa hiyo bado narudi kwenye boksi la vifaa na nani analishika.

Nipo Fildi

Dada Fundi, mimi ni mwaka wa tatu uhandisi wa ujenzi. Nimekusoma nikiwa saiti hapa. Sijui nianzie wapi. Saiti yetu haina choo cha wanawake. Ovaroli niliyopewa ni ya mwanaume mrefu, nimekunja mikono mara tatu, na kofia inanianguka. Msimamizi kanipa kazi ya kusajili malori ya mchanga getini. Wenzangu wa kiume wanapima zege. Leo ni wiki ya tatu. Nilitaka kuuliza kama kuna umuhimu wa kuendelea.

Fundi wa Paneli

Mdogo wangu, upo. Endelea.

Kesho asubuhi, kabla kazi haijaanza, mfuate msimamizi akiwa peke yake. Mwambie kitabu chako cha mafunzo kinadai uonyeshe umepima zege, na mkufunzi atakapokuja kukukagua atakuuliza. Taja zoezi lenyewe kwa jina: kupima mporomoko wa zege bichi, na kutengeneza vipande vya kuvunjwa baada ya siku 7 na siku 28. Omba siku maalumu, useme "naomba Jumanne na Alhamisi". Ombi la jumla linakubaliwa kwa mdomo na kusahaulika. Akikataa, mwandikie mratibu wa mafunzo chuoni, kwa maandishi, pamoja na hilo la choo. Choo si anasa, ni suala la afya na usalama kazini. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikuwa sinywi maji tangu asubuhi ili nisihitaji choo, nikaishia kuumwa figo. Usifanye hivyo.

Ovaroli peleka kwa fundi cherehani akupunguzie leo leo. Nguo kubwa karibu na mashine inauwa.

Na hayo malori, wakati unayasajili, kokotoa mchanga umeingia mita za ujazo ngapi na zege limetoka ngapi. Wiki ijayo njoo unipe jibu hapa.

Nipo Fildi

Nimeelewa dada. Nitamfuata kesho.

Baba Wawili

Wakuu narudi. Lile jaribio la kijiko nililifanya. Binti alinieleza kwa Kiswahili dakika kumi, mpaka mama yake akaacha kukata mboga akasikiliza. Nikajua mimi ndiye nilikuwa sijui.

Jumamosi nikapita dukani kwa fundi redio nikamnunulia multimita, zile ndogo za rangi ya njano. Alianza kupima betri za rimoti. Akapima betri ya sola yetu imesoma volti 11.8. Akaniuliza, "Baba mbona imeandikwa 12?" Sikuwa na jibu. Dada Fundi nisaidie, na unambie kama ni salama kumwachia.

Fundi wa Paneli

Kaka, umenifurahisha kuliko unavyodhani.

Hiyo 12 ni jina tu. Betri ya sola ya kawaida, ile ya risasi na tindikali, ikiwa imejaa na imetulia, bila kuchajiwa wala kutumiwa, inasoma kama 12.6 au 12.7. Ikifika 11.8 imekwisha karibu yote, na ikiachwa hivyo mara kwa mara inakufa mapema. Kwa hiyo binti yako kagundua tatizo la nyumba yenu. Inawezekana paneli ina vumbi, au kuna kivuli cha mti, au mnatumia zaidi ya kinachoingia. Mwambie atafute mwenyewe ni lipi.

Usalama: betri ya rimoti na ya sola apime, ila asiruhusu chuma kugusa ncha zote mbili za betri kwa wakati mmoja, na asiwe karibu na moto. Soketi ya ukutani asiiguse mpaka awepo mtu anayejua.

Mpe wiki moja. Apime asubuhi kabla jua halijaipata paneli, na jioni jua likizama. Siku saba, vipimo 14, achore grafu. Safari hii aandike alichokipima yeye.

Baba Wawili

Sawa. Amesema ataanza kesho saa kumi na mbili asubuhi, na mdogo wake ndiye atamshikia tochi.